Kwa nini Marekani ni rahisi kuua muswada wa bima ya afya kuliko kuupitisha

Kila msimu wa uchaguzi wa Marekani unapofika, swali hili hurudi, na mara nyingi huulizwa kwa mshangao: taifa lenye fedha nyingi na hospitali kubwa kiasi kile limeshindwaje kumpa kila raia wake bima ya afya, kazi ambayo Uingereza iliikamilisha mwaka 1948 huku watu wake bado wakigawiwa chakula kwa kadi baada ya vita? Majibu mawili huja haraka. La kwanza ni kwamba makampuni ya bima na dawa yamewanunua wanasiasa. La pili ni kwamba wananchi wamelishwa uongo na redio na televisheni hadi wakayapiga vita maslahi yao wenyewe.

Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Kama fedha na propaganda zingetosha, Medicare, yaani bima ya serikali kwa wazee, isingepita mwaka 1965, maana chama cha madaktari kiliipinga kwa miaka na kwa mamilioni ya dola. Na kama wananchi wangekuwa watu wa kupumbazwa tu, Warepublican wasingeshindwa mwaka 2017 kuifuta sheria ya bima ya afya ya Rais Barack Obama, waliyoishambulia redioni na kwenye runinga kwa miaka saba mfululizo, tena wakiwa wameshika Ikulu na mabaraza yote mawili ya bunge.

Historia hii ukiipitia kuanzia mwanzo, unaona kwamba vyombo vya habari vya kisiasa nchini Marekani vina nguvu iliyoelemea upande mmoja. Vinaweza sana kumtia mtu hofu ya kupoteza alicho nacho. Kumfanya apiganie kitu ambacho hajawahi kukishika mkononi, hapo vinakwama. Nguvu hiyo inapokutana na bunge lenye milango mingi ya kufungia muswada, anayetetea hali iliyopo huanza akiwa mbele, awe wa chama chochote.

Bima iliyozaliwa vitani

Ili tuelewe Wamarekani wanaogopa kupoteza nini, turudi mwaka 1942. Vita vikiendelea, serikali iliweka ukomo wa mishahara ili bei zisipande ovyo. Viwanda vilihitaji wafanyakazi lakini havikuruhusiwa kuwavuta kwa nyongeza ya mshahara. Marupurupu kama bima ya hospitali hayakuhesabiwa kuwa mshahara, basi waajiri wakaanza kutoa bima. Baadaye sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima hautozwi kodi ya mapato, na kuanzia hapo utaratibu huo ukaota mizizi.

Hakuna aliyekaa akapanga kwamba afya ya Mmarekani itategemea mwajiri wake. Ilitokea tu, kwa sababu ya kanuni ya muda wa vita. Lakini athari yake kisiasa ni kubwa kuliko ya sera nyingi zilizopangwa. Iligawa taifa katika makundi mawili: wengi wenye bima kupitia kazi, ambao hawajui gharama yake halisi kwa kuwa hukatwa kabla hawajaiona, na wachache wasio na kitu, ambao mara nyingi ndio wasiopiga kura kwa wingi. Tangu hapo, kila anayetaka kuwasaidia wachache hulazimika kugusa kitu cha wengi. Na hao wengi hata wakiwa wanailalamikia bima yao, wanaijua. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Wawili wa California

Mwaka 1945 gavana wa California, Earl Warren, alipendekeza bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi wa jimbo lake. Warren alikuwa Mrepublican, tena mtu aliyependwa. Chama cha madaktari wa California kilikodi kampuni ya Clem Whitaker na Leone Baxter, mume na mke, walioanzisha mwaka 1933 kampuni inayotajwa kuwa ya kwanza nchini humo kufanya kampeni za siasa kuwa biashara kamili. Muswada wa Warren ukaanguka bungeni.

Miaka mitatu baadaye Harry Truman alishinda uchaguzi wa urais akiwa ameahidi bima ya afya ya taifa zima. Chama cha Madaktari wa Marekani, AMA, kikawatoza wanachama wake dola 25 kila mmoja na kuwaita Whitaker na Baxter. Mwaka 1949 peke yake kampeni hiyo ilitumia takriban dola milioni 1.5, kiasi ambacho wakati huo hakikuwahi kutumiwa na kundi lolote kushawishi bunge.

Nakaa kidogo kwenye kampeni hii kwa sababu karibu kila kilichofuata kimechotwa humo. Wawili hawa hawakujadili vipengele vya muswada. Waliupa jina moja, “udaktari wa kisoshalisti”, na wakalirudia hadi likawa ndilo jina lake. Walichapisha mamilioni ya vipeperushi, vikawekwa kwenye meza za vyumba vya kusubiria katika zahanati, mahali ambapo mgonjwa anamwamini aliyemkaribisha. Walichukua mchoro maarufu wa Luke Fildes wa mwaka 1891, unaomwonyesha daktari ameketi akimwangalia mtoto mgonjwa, wakaweka chini yake maneno ya kuomba siasa isiingizwe ndani ya picha hiyo. Walisambaza hata kauli waliyodai ni ya Lenin, kwamba udaktari wa kisoshalisti ndio jiwe kuu la dola ya kisoshalisti. Maktaba ya Bunge la Marekani iliitafuta kauli hiyo katika maandishi ya Lenin na haikuipata.

Majira nayo yaliwasaidia. Agosti 1949 Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la nyuklia. Oktoba mwaka huohuo wakomunisti walitwaa China. Kuambiwa wakati huo kwamba daktari wako atageuzwa mtumishi wa dola haikuwa hoja ya kitaalamu, ilikuwa hoja ya usalama wa nyumba yako. Mpango wa Truman haukuwahi hata kufika hatua ya kupigiwa kura kamili.

Kuna jambo moja katika kampeni hii ambalo watu hulipita. Whitaker na Baxter hawakusema tu “msikubali”. Walitangaza pia kwamba iko njia ya hiari, njia ya Kimarekani, yaani bima za binafsi, na wakawahimiza watu wazinunue. Kila aliyenunua akawa amepata kitu cha kupoteza. Walikuwa wanazuia muswada wa leo na kuandaa wapinzani wa muswada wa kesho.

Mahali propaganda ilipoteleza

Mwaka 1961 AMA ilijaribu tena, safari hii dhidi ya bima ya wazee. Ilitengeneza santuri ambamo mwigizaji mmoja, Ronald Reagan, alizungumza kwa sauti yake ya upole akionya kwamba bima hiyo ni mlango wa ujamaa. Wake wa madaktari waliwaalika majirani kunywa kahawa, wakawachezea santuri, kisha wakawaomba waandike barua kwa wabunge wao, barua zionekane zimetoka moyoni mwa kila mmoja. Ndiyo mbinu ya kutengeneza sauti ya umma kwa mkono, na ilifanywa kwa ustadi.

Haikufua dafu. Tarehe 30 Julai 1965 Lyndon Johnson alisafiri hadi Independence, Missouri, akatia saini Medicare mbele ya Truman mzee, aliyeandikishwa kuwa wa kwanza. Mbona mashine ileile, ya watu walewale, ilishindwa?

Sababu moja ni hesabu ya kura. Uchaguzi wa 1964 uliwapa Wademocrat viti 68 kati ya 100 vya Seneti na wingi mkubwa katika Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo milango mingi ya kufungia muswada haikuwa na mlinzi. Sababu ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi, ni kwamba wazee hawakuwa na cha kupoteza. Mtu alipostaafu aliachana na bima ya mwajiri, na makampuni hayakutaka kumkatia bima mtu wa miaka 70 kwa bei anayoiweza. Propaganda ya hofu ilikosa mahali pa kushika. Huwezi kumtisha mzee kwamba serikali itamnyang’anya bima yake wakati hana bima.

Wanandoa wa mezani

Septemba 1993 Bill Clinton alihutubia bunge akitaka bima kwa kila Mmarekani. Watu wapatao milioni 37 hawakuwa nayo. Kura za maoni zilimwonyesha akiungwa mkono. Mwaka mmoja baadaye muswada wake, wenye kurasa 1,342, ulitangazwa kuwa umekufa bila kupigiwa kura katika ukumbi wa baraza lolote, na wiki sita baada ya hapo Warepublican wakatwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40.

Kinachosimuliwa zaidi katika kifo hicho ni tangazo la televisheni. Chama cha makampuni ya bima ya afya kililipia mfululizo wa matangazo yenye wanandoa wawili, Harry na Louise, wa tabaka la kati, wameketi nyumbani na karatasi za hesabu mezani. Hawapayuki. Wanasikitika. Wanakubali kwamba mfumo una matatizo, kisha wanauliza kama hakuna njia bora kuliko serikali kuwachagulia. Tangazo moja lilifikia kilele kwa maneno machache: wao wakichagua, sisi tunapoteza.

Simulizi iliyozoeleka inasema Harry na Louise waliwageuza Wamarekani mawazo. Waliochunguza suala hilo kwa makini, hasa mtafiti wa mawasiliano ya siasa Kathleen Hall Jamieson, walikuta jambo tofauti. Matangazo hayo hayakurushwa nchi nzima kwa uzito mmoja. Yalielekezwa Washington, New York na miji michache mingine, pamoja na maeneo ya wabunge wenye kura za maamuzi. Watazamaji wengi wa kawaida hata hawakuyakumbuka. Yaliyoyapa nguvu ni mambo mengine mawili: Hillary Clinton, aliyeongoza maandalizi ya mpango, aliyashambulia hadharani Novemba 1993, na vituo vya habari vikayaonyesha bure, tena na tena, kama habari. Wabunge na waandishi wakaamini kwamba taifa zima linayatazama, na wakaenenda kwa imani hiyo.

Naomba msomaji alishike jambo hili, maana linabadilisha namna ya kuelewa tangazo la siasa. Mara nyingi mlengwa si mwananchi. Mlengwa ni mbunge, ambaye anajiuliza tangazo kama hilo litasemaje juu yake uchaguzi ujao. Vitisho vikimfikia huyo, inatosha.

Wakati huohuo mwandishi na mshauri wa Kirepublican William Kristol aliwaandikia wabunge wa chama chake waraka, Desemba 1993, akiwashauri wasirekebishe mpango wa Clinton bali wauue kabisa, kwa sababu ukipita utawafunga watu wa tabaka la kati na Wademocrat kwa muda mrefu. Aliona mapema kile ambacho mwaka 2017 kingethibitika: bima ikishafika mikononi mwa watu haitoki.

Machi 1994 kura ya maoni ya gazeti la Wall Street Journal na kituo cha NBC ilifanya jaribio la kusikitisha. Watu waliulizwa kuhusu “mpango wa Clinton”, wengi hawakuutaka. Wakasomewa yaliyomo bila kutajiwa jina, na takriban robo tatu wakayaona yanavutia. Si haki kusema basi walikuwa wajinga. Mpango wenyewe ulitungwa faraghani na kundi kubwa la wataalamu, ukajaa miungano ya kikanda na vikokotoo vya bei, na hakuna aliyeweza kumweleza dereva wa lori kwa sentensi moja bima yake itakuwaje Januari. Louise alikuwa na sentensi hiyo.

Uongo usiozuilika kisheria

Hapa msomaji anaweza kuuliza: hakuna chombo cha kuzuia tangazo la uongo? Kwa sabuni kipo. Kwa siasa, karibu hakuna. Sheria inayokataza udanganyifu katika matangazo ya biashara haiyagusi matangazo ya siasa, kwa kuwa hayo ni maoni yanayolindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934, kifungu cha 315, inavikataza vituo vya redio na televisheni kuhariri tangazo la mgombea. Mgombea akileta uongo mtupu na fedha yake, kituo kinalazimika kuurusha ulivyo. Matangazo ya makundi yasiyo wagombea kituo kinaweza kuyakataa, lakini ni mapato, na yanakataliwa kwa nadra.

Kulikuwa na kanuni nyingine, ya mwaka 1949, iliyovitaka vituo vinavyotumia masafa ya umma vijadili mambo yenye ubishi na kutoa nafasi kwa pande tofauti. Tume ya mawasiliano iliifuta mwaka 1987. Agosti 1988 kipindi cha redio cha mtangazaji wa kihafidhina Rush Limbaugh kikaanza kusikika nchi nzima, kila siku ya kazi, upande mmoja tu. Oktoba 1996 ikaja Fox News, televisheni ya kebo ya kihafidhina. MSNBC ilikuwa imeanza miezi michache kabla. Watu wengi husema kufutwa kwa kanuni hiyo ndiko kulikozaa Fox. Si sahihi. Kanuni ile ilihusu masafa ya hewani, haikugusa televisheni ya kebo. Kufutwa kwake kulifungua njia kwa redio za mazungumzo, na redio hizo ndizo zilizoonyesha kwamba hasira ya kisiasa ni bidhaa yenye wateja waaminifu.

Je, vituo hivi vinageuza kura? Wanauchumi Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan waliligundulia swali hili njia nzuri ya kulijibu. Fox News haikuingia kila mji kwa wakati mmoja. Ilitegemea kampuni gani ya kebo imekubali kuibeba. Basi wakalinganisha miji iliyoipata kabla ya uchaguzi wa 2000 na ile iliyokuwa haijaipata. Walikuta sehemu ya kura ya Warepublican iliongezeka kwa kati ya pointi 0.4 na 0.7 za asilimia. Ni kidogo. Lakini mwaka huo urais uliamuliwa Florida kwa kura 537.

Jaribio jingine lilifanywa na David Broockman na Joshua Kalla mwaka 2020. Waliwalipa watazamaji wa kudumu wa Fox watazame CNN kwa saa kadhaa kila wiki kwa mwezi wa Septemba. Watu hao walianza kujua mambo ambayo hawakuwa wameyasikia, hasa kuhusu janga la korona, na maoni yao juu ya baadhi ya masuala yakasogea kiasi. Malipo yalipokoma wakarudi Fox, na sehemu kubwa ya mabadiliko ikayeyuka. Hapo inaonekana kwamba nguvu ya kituo cha namna hii haiko sana katika kusema uongo, ingawa uongo upo. Mwaka 2023 Fox ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura, Dominion, dola milioni 787.5 kwa tuhuma za uongo kuhusu uchaguzi wa 2020. Nguvu yake kubwa iko katika kuamua nini kisisikike, na kulifanya jambo moja lisikike kila saa hadi mtazamaji aone ndilo jambo pekee lililo hatarini.

Ahadi iliyozaliwa na hofu

Barack Obama aliingia Ikulu akiwa amesoma vizuri kaburi la Clinton. Ndiyo maana tangu kampeni alirudia ahadi moja: kama unaipenda bima yako, utabaki nayo. Ahadi hiyo haikuelezea sheria, ilimjibu Louise. Na haikuwa kweli. Sheria iliweka viwango vipya, na mwaka 2013 mamilioni ya watu waliokuwa wamejinunulia bima zisizofikia viwango hivyo walipokea barua za kufutiwa. Mtandao wa kuhakiki kauli za wanasiasa, PolitiFact, uliitangaza ahadi hiyo kuwa uongo wa mwaka. Mimi huona hili ndilo jambo linalopaswa kuwauma zaidi wanaoitakia mema sheria ile: rais mwenye nia njema alilazimika, au alijiona analazimika, kuahidi kwamba hakuna mtu atakayeguswa na sheria iliyoandikwa ili iguse kila mtu.

Upande wa pili ulikuwa na uongo wake, na uongo huo ulikuwa mkatili zaidi. Katika rasimu ya Baraza la Wawakilishi kulikuwa na kifungu cha 1233, kilichotaka Medicare imlipe daktari muda anaozungumza na mgonjwa, kwa hiari ya mgonjwa, kuhusu anavyotaka kutunzwa mwisho wa maisha yake. Julai 2009 Betsy McCaughey, aliyewahi kuwa naibu gavana wa New York, alidai redioni kwamba kifungu hicho kingewalazimisha wazee wafundishwe namna ya kufupisha maisha yao. Tarehe 7 Agosti Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa Kirepublican mwaka 2008, aliandika Facebook kwamba wazazi wake au mtoto wake mwenye ulemavu wangesimamishwa mbele ya “baraza la kifo” la Obama. Ndani ya wiki chache maneno hayo yalikuwa yakipigiwa kelele katika mikutano ya wabunge na wapiga kura wao. Kifungu kiliondolewa.

Angalia walengwa ni nani: wazee, kundi ambalo mwaka 1961 halikutishika kwa sababu halikuwa na bima. Sasa lina Medicare, na linatishwa kwamba Medicare yake itatumika kuwahudumia wengine. Bima ya serikali iliyopigwa vita kama ujamaa imekuwa mali inayolindwa dhidi ya serikali. Na yale mazungumzo ya daktari na mgonjwa? Medicare ilianza kuyalipia Januari 2016, kwa kanuni ya kiutawala, bila muswada. Mabaraza ya kifo hayajaonekana popote.

Sheria ilipita kwa sababu kwa miezi michache Wademocrat walikuwa na kura 60 Seneti, idadi inayohitajika kuvunja kizuizi cha mjadala usio na mwisho. Kura ya 24 Desemba 2009 ilikuwa 60 kwa 39. Wiki nne baadaye walipoteza kiti cha Massachusetts, na sehemu iliyobaki ikapitishwa kwa utaratibu wa bajeti unaohitaji wingi wa kawaida. Wangechelewa hadi mwezi unaofuata, huenda tungekuwa tunasimulia kifo kingine.

Hata ilipokuwa sheria, jina liliendelea kuitafuna. Kentucky, jimbo la kihafidhina, gavana Steve Beshear alifungua soko la bima la jimbo na kwa makusudi akaliita Kynect. Kura ya maoni ya mwaka 2014 ilikuta asilimia 57 ya wakazi hawaipendi Obamacare, jina la mitaani la sheria hiyo, huku waliosema hawaipendi Kynect wakiwa asilimia 22. Kynect ndiyo ilikuwa Obamacare ya Kentucky.

Silaha inapogeuka

Kisha ikaja 2017. Donald Trump yuko Ikulu, mabaraza yote mawili ni ya Warepublican, na kufuta Obamacare ni ahadi waliyoirudia katika chaguzi nne. Hesabu zilipaswa kuwa rahisi. Lakini watu wapatao milioni 20 walikuwa wameshapata bima kwa sheria ile, na wengine wengi zaidi walikuwa wanalindwa na kipengele kinachoikataza kampuni ya bima kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alionao tangu awali. Kilichokuwa ahadi ya rais sasa kilikuwa kadi ndani ya pochi.

Hapo ndipo kila mbinu ya 1949 na 1994 ilipohamia upande wa pili. Watu wenye saratani na kisukari walisimama katika mikutano ya wabunge na kuuliza: mimi nitafanyaje? Mtangazaji wa kipindi cha usiku Jimmy Kimmel alisimulia huku akilia kuhusu mwanawe aliyezaliwa na tatizo la moyo. Ofisi ya bajeti ya bunge ilikadiria kwamba muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi Mei, kwa kura 217 dhidi ya 213, ungewaacha watu milioni 23 zaidi bila bima kufikia 2026. Namba hiyo ikawa tangazo lenyewe. Magavana wa Kirepublican, akiwemo John Kasich wa Ohio, walikataa kuona majimbo yao yakipoteza fedha za Medicaid, bima ya serikali kwa maskini. Mwaka huohuo kura za maoni zilionyesha sheria ya Obama inapendwa na watu wengi kuliko wanaoichukia, jambo ambalo miaka saba ya hotuba za Obama haikulifanikisha.

Usiku wa kuamkia 28 Julai seneta John McCain, aliyekuwa ametoka kugundulika na saratani ya ubongo, aliinua mkono mbele ya meza ya makarani na kuushusha akiwa amekunja vidole na kidole gumba chini. Muswada ukaanguka kwa kura 49 dhidi ya 51. Susan Collins na Lisa Murkowski, Warepublican wawili waliokuwa wamesimama imara tangu mwanzo, hawakusimuliwa sana kama yeye, na walistahili.

Sisemi kwamba pande zote ni sawa. Kumwambia mgonjwa wa saratani kwamba atakosa bima, wakati kweli angeikosa, si sawa na kumwambia mzee kwamba daktari atamuua. Moja ni taarifa, jingine ni unyama. Ila mlango wa kuingilia moyoni mwa mpiga kura ulikuwa uleule, na anayetaka kuelewa sera za Marekani asiangalie tu nani anasema kweli. Aangalie pia nani, katika pambano husika, anaomba watu waache kitu walicho nacho.

Kipimo hicho kinaeleza vizuri mgogoro wa mwaka 2025. Ruzuku ya ziada kwa wanaonunua bima katika masoko ya sheria ya Obama iliwekwa mwaka 2021, wakati wa korona, kwa muda, ikaongezwa mwaka 2022 hadi mwisho wa 2025. Wanunuzi katika masoko hayo walikuwa wamefikia takriban milioni 24, wengi wao wakiishi majimbo yanayoongozwa na Warepublican kama Florida na Texas. Wademocrat, wakiwa wachache katika mabaraza yote mawili, walikataa kuipitisha bajeti bila ruzuku hiyo kuongezwa, na serikali ikafungwa kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba, siku 43, muda mrefu kuliko mara zote zilizotangulia. Hoja yao kila siku ilikuwa barua ya bei mpya ambayo mwananchi angeipokea. Warepublican walijibu kwamba fedha hizo zinakusudiwa kwa wahamiaji wasio na vibali, ingawa sheria haiwaruhusu wahamiaji hao kupata ruzuku hiyo. Upande mmoja ulimwambia mpiga kura kuna kitu kinaondoka mfukoni mwako; wa pili ukamwambia naam, kinaondoka, na anayekichukua ni huyu hapa. Serikali ilifunguliwa tena bila ruzuku kuongezwa, Wademocrat wakiwa wamepata ahadi ya kura moja tu ya Seneti.